Sensa ya mwendo kwa gari: ipi ununue, uifunge wapi, uvute waya vipi

Kabla ya kulipia chochote, amua unataka gari likuambie nini. Kujua kwamba limegongwa, au linavutwa usiku likiwa limezimwa, kunahitaji kipimo cha mchapuko (badiliko la kasi) peke yake. ADXL345 inatosha, ruka orodha ya sensa uende kwenye mahali pa kufunga. Kupima kona, mlalo wa bodi na pua inavyoinama unapokanyaga breki kunahitaji mchapuko na jairo (kipimo cha mzunguko) kwa pamoja, yaani mihimili 6, mitatu kwa kila kimoja. Zile za mihimili 9, zenye dira ndani, bei yake huwa juu na dira hiyo haina kazi garini: chuma, spika na mkondo wa altaneta huipotosha, tena upotofu hubadilika ukiwasha taa au feni, kwa hiyo hata ukisawazisha leo, kesho imehama.

Tunazipanga kwa kuangalia jinsi zinavyostahimili joto, mtikisiko na waya wa gari, kwa sababu kwenye karatasi za kiwandani zote ni nzuri.

Namba 1 ni ISM330DHCX ya STMicroelectronics. Imetengenezwa kwa mitambo ya viwandani na inafanya kazi hadi 105°C, wakati nyingi za rika lake huishia 85°C. Dashibodi ya gari lililoachwa juani mchana hupita 70°C, hivyo nafasi hiyo ya ziada ni akiba nzuri. Ina SPI na I2C, njia mbili za kupeleka data kwa kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayosoma sensa. Kama mfuko haufiki, LSM6DSOX ni ndugu yake wa karibu, ila yenyewe huishia 85°C.

Namba 2 ni MPU-6050, ile ya kibao cha GY-521. Rahisi, mifano ya programu imejaa, na kwa kujifunzia haina mpinzani. Udhaifu wake ni jairo: kiwanda chenyewe kinaruhusu sifuri yake (inachosoma ikiwa imetulia) ikosee hadi 20°/s, na joto likibadilika inaweza kuhama tena. Dawa ni kupima sifuri upya kila gari linaposimama kabisa, si mara moja mezani. Kibao kikifika, soma rejista 0x75 (namba ya utambulisho iliyo ndani ya chipu) kabla ya kukichoma risasi: jibu la MPU-6050 ni 0x68. Kuna vinavyouzwa kama MPU-9250 ambavyo hujibu 0x70, yaani ndani ni MPU-6500 isiyo na dira kabisa, ilhali 9250 ya kweli hujibu 0x71. Kibao cha namna hiyo rudisha.

Namba 3, BNO055 ya Bosch, inajivutia kwa sababu inakokotoa pembe yenyewe. Iweke kwenye hali ya IMU (mchapuko na jairo tu), si NDOF (inayoongeza dira), ili isitegemee dira. Ikiwa hivyo, mchapuko hufungwa kwenye ±4 g (mara nne ya mvutano wa dunia) na matokeo hutoka mara 100 kwa sekunde tu. Kipimo cha shimo kali au tuta lisilochorwa kinaweza kukatwa kileleni. Kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi itumie kwa UART (njia nyingine ya data), maana I2C ya Pi hugombana nayo.

NEO-M8U ya u-blox haishindani na hizi. Ni GPS yenye sensa ya mwendo ndani, inunue kama shida yako ni alama ya gari kupotea kwenye handaki au katikati ya maghorofa.

Sasa mahali, ambapo pesa nyingi huharibikia. Tafuta chuma cha sakafu katikati ya viti vya mbele, karibu na hendibreki, kwa kuwa hapo ndipo karibu na kitovu cha uzito cha magari mengi madogo. Ukiifunga mita 1 kutoka kitovu na gari likageuka kwa 60°/s, mzunguko huo peke yake unaongeza karibu 1.1 m/s² ambazo kitovu hakikuzihisi. Tumia bolti mbili za M3 au M4 kwenye kipande cha alumini kilichobana chuma. Tepu ya sponji ni springi, na plastiki ya dashibodi hupiga ngoma yake yenyewe. Usitoboe kabla ya kuchungulia chini ya gari. Mabomba ya mafuta na breki hupita huko huko.

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3000 kwa dakika hutikisa mara 100 kwa sekunde. Ukisoma sensa mara 100 kwa sekunde, mtikisiko huo unajificha na kuonekana kama gari linaongeza mwendo bila kukoma. Soma mara 200, na kwenye MPU-6050 weka rejista 0x1A kuwa 3, kichujio kikate karibu 44 Hz. Kosa hili watu hulilaumia sensa.

Waya wa I2C usizidi sentimita 30. Zaidi ya hapo weka kidhibiti, tuseme ESP32, pembeni ya sensa, kisha peleka data kwa CAN (laini ya data ya magari yenye waya mbili) kupitia kibao cha SN65HVD230. Vibao hivyo huja na rizista ya ohmu 120. Iondoe kama hauko mwisho wa laini. Umeme ukiwa umezimwa, kipima ohmu kikiwekwa kati ya waya mbili za CAN kisome karibu ohmu 60.

Isipokuwa sensa yako ni ya kulinda gari likiwa limezimwa, umeme chukua kwenye laini ya ACC (hupata umeme ufunguo ukiwashwa tu), si moja kwa moja kwenye betri, la sivyo gari likilala wiki utalisukuma. Mpangilio ni huu: fyuzi ya 1 A karibu na chanzo, SMBJ24A (hukata volti zinazoruka ghafla) kati ya chanya na eathi, dayodi ya Schottky (hupitisha umeme upande mmoja tu), kapasita ya 1000 µF volti 50, kisha LM2596 ya kushusha hadi volti 5. Kapasita ni kwa ajili ya stata, ambayo huvuta betri chini kwa kitambo na kufanya kidhibiti kijizime na kujiwasha. Kwa lori la volti 24 badilisha ziwe SMBJ36A, LM2596HV na kapasita ya volti 63. Waya zenye kava la njano chini ya viti ni za airbag, usiziguse.

Jaribu kwenye sakafu tambarare, mhimili wa X ukielekea mbele, Y kushoto, Z juu. Gari likisimama Z isome karibu 9.8 m/s². Hitilafu ya mlalo wa 1° tu huingiza 0.17 m/s² kwenye X au Y, itoe kwenye programu. Funga breki: X iende hasi. Kata kona kushoto: Y na mzunguko wa Z ziende chanya. Kimoja kikienda kinyume, kibao kimegeuzwa.