Amitrazi 12.5% kwa bomba la mgongo: inafaa ng'ombe wa Dodoma, punda usimguse nayo

Ukiingia duka la dawa za mifugo Dodoma mjini, Kongwa au Kondoa na kuuliza dawa ya kuogesha mifugo dhidi ya kupe, mara nyingi utapewa moja ya jamii mbili: amitrazi, au pairethroidi, yaani saipamethrini, alfasaipamethrini na deltamethrini. Majina kwenye lebo ni mengi na rangi za chupa ni nyingi zaidi, lakini ukisoma maandishi madogo ya kiambato utakuta ni hizo hizo. Tunachopima hapa ni amitrazi ya asilimia 12.5, ya kimiminika, ikinyunyizwa kwa bomba la mgongo la lita 16 kwenye boma lenye ng'ombe na mbuzi.

Kwa kupe, ni dawa nzuri. Inastahili kununuliwa na mfugaji wa Chamwino au Bahi anayesumbuliwa na kupe wa bluu na kupe madoadoa wakati wa masika. Kwa mbung'o na nzi haina msaada, na kwa punda ni hatari. Wengi wanaoilalamikia kwamba "imeisha nguvu" wanailaumu kwa kosa la bomba na la maji.

Tuanze na kazi yake. Amitrazi huvuruga mishipa ya fahamu ya kupe, na kabla hajafa hulegeza mdomo na kuachia ngozi. Ndiyo maana saa chache baada ya kuogesha unaona kupe chini ya zizi, wengine bado wakijikokota. Sifa hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Kupe wa masikio wa kahawia, anayeambukiza ndigana kali, hapitishi ugonjwa dakika ile ile anapouma: vijidudu vilivyo kwenye tezi zake za mate huhitaji siku kadhaa za kunyonya damu ndipo vikomae. Ukimwondoa mapema, umemwondoa kabla hajamaliza kazi yake. Kupe wa bluu ana tabia nyingine. Huyu hukaa juu ya mnyama mmoja tangu akiwa mchanga hadi anashiba, kwa takribani wiki tatu, na ndiye mwenye lawama kubwa kwa ndigana baridi na mkojo mwekundu. Kupe madoadoa hueneza ugonjwa wa maji moyo, na mdomo wake mrefu huacha vidonda kwenye kiwele. Chuchu ya ng'ombe inaweza kuzibika kabisa kwa jipu lililoanzia hapo.

Kipimo hakina fumbo. Lebo nyingi za asilimia 12.5 zinataka sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 500 za maji, yaani mililita 2 kwa kila lita. Bomba la lita 16 linachukua mililita 32. Ndoo ya lita 20, mililita 40. Soma lebo yako kwanza, kwa sababu zipo chupa zenye nguvu tofauti, na kipimo cha jirani si kipimo chako. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye mistari. Kifuniko cha chupa si kipimo, kwa kuwa vifuniko havilingani.

Namna ya kuchanganya nayo ina maana. Tikisa chupa, mimina dawa kwenye lita moja au mbili za maji, koroga hadi iwe nyeupe sawasawa, kisha mimina kwenye bomba lililojaa nusu na ongeza maji yaliyobaki. Mchanganyiko mzuri ni mweupe kama maziwa na unabaki hivyo. Ukiona mafuta yanaelea juu au mabonge yanashuka chini, dawa imekatika. Sababu huwa ni maji yenye chumvi nyingi, na hapa Dodoma visima vya namna hiyo havihitaji kutafutwa. Jaribu kwanza kwenye chupa ya plastiki angavu: lita moja ya maji yako, mililita 2 za dawa, acha nusu saa utazame. Ikikatika, tafuta maji mengine. Maji ya lambo yenye tope yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, maana tope huziba nozeli na hunasa sehemu ya dawa kabla haijafika kwenye manyoya. Na changanya ile ya kutumika siku hiyo tu. Mchanganyiko uliobaki jana hauna uhakika, na katika maji yenye asidi amitrazi huvunjika upesi zaidi.

Sasa tufike kwenye kiasi kinachomfikia ng'ombe, maana hapa ndipo dawa inapoharibiwa jina. Ng'ombe mzima anataka lita 5 kwa uchache, na aliye mkubwa au mwenye manyoya mazito hadi 10. Ndama ana haja ya lita 2 au 3. Bomba moja la lita 16 basi ni ng'ombe watatu. Watu wanaliogeshea ng'ombe kumi, mgongoni na ubavuni, wanamaliza kwa nusu saa na kurudi nyumbani wakiwa na amani. Mgongoni ndiko kupe ni wachache zaidi. Kupe wapo ndani ya sikio, chini ya mkia, kinenani, kwapani, kwenye kiwele, korodani, kwenye kidari na katikati ya kwato. Ng'ombe aliyeoga ni yule ambaye maji yanamtiririka tumboni na kudondoka chini; akiwa na unyevu wa juu juu tu, hajaoga.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kununua. Chupa ya mililita 100 inatengeneza lita 50, sawa na ng'ombe wazima 10 kwa lita 5. Chupa ya lita moja inatengeneza lita 500, sawa na ng'ombe 100. Mwenye ng'ombe 25 anayenunua chupa ya mililita 100 ama ataacha wengine, ama ataipunguza nguvu. Kati ya hayo mawili, kupunguza nguvu ndiyo mbaya zaidi: kupe dhaifu hufa, wenye kustahimili hubaki na kuzaa, na baada ya misimu michache unakuwa umejifugia usugu mwenyewe.

Bomba lenyewe linataka jicho. Nozeli ifaayo ni ile inayotoa mnyunyizo wa duara, wenye matone ya wastani. Ile ya bapa ya kunyunyizia dawa ya magugu inapita juu ya manyoya bila kufika kwenye ngozi. Wala usilitumie bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu shambani, hata ukiliosha mara ngapi. Nunua jingine, liandike kwa rangi MIFUGO, na uliweke mbali na la shamba. Ukiona presha inashuka kila baada ya kupampu mara mbili, angalia mpira wa pistoni na vali. Vipuri vyake ni vya bei ndogo kuliko ndama mmoja. Pampu mfululizo huku ukinyunyiza kinyume cha uelekeo wa manyoya, kuanzia nyuma na chini, umalizie kichwani. Masikio usiyapulizie kwa nguvu: chovya kitambaa au brashi ndogo kwenye mchanganyiko ule ule na upake ndani ya sikio, ukiwa umevaa glavu. Anayeruka masikio kwa sababu ng'ombe anatikisa kichwa amewaachia nafasi kupe wa ndigana kali. Mfunge kwenye kibano. Kumkimbiza ng'ombe zizini ukiwa na bomba mgongoni ni kumwogesha vumbi.

Wanyama wanywe maji kwanza, ili wasiyalambe yanayotiririka. Ogesha asubuhi jua likiwa limeanza kupanda, na kama wingu limejikusanya, ahirisha. Mvua ikinyesha kabla manyoya hayajakauka, dawa imeoshwa, utarudia.

Ratiba ifuate mvua. Mkoa huu una msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kupe wazima wa masikio huwa wengi wakati huo. Kila siku 7 kwa miezi hiyo, pamoja na wiki chache baada yake. Kiangazi kila siku 14, na tu kama kupe wanaonekana. Ndama ndio wa kuangaliwa kwa karibu, kwani ndigana kali huwaua wao zaidi ya zebu (ng'ombe wa kienyeji wenye nundu) wazima waliokulia hapa hapa. Mbuzi na kondoo waogeshwe siku ile ile. Boma linaloogesha ng'ombe na kuacha mbuzi linafuga kupe kwa mguu mwingine, kisha linashangaa dawa haifanyi kazi.

Kuhusu punda tuseme wazi, maana katika vijiji vya Dodoma punda ndiye gari la maji, na hulala karibu na ng'ombe. Amitrazi hudumaza utumbo wa punda na farasi. Chakula kinasimama, tumbo linavimba, mnyama anagaagaa kwa maumivu na anaweza kufa. Hakuna kipimo kidogo ambacho tungekushauri. Mtoe zizini kabla ya kuanza, na kama ana kupe, tafuta pairethroidi ambayo lebo yake inamtaja. Paka naye asiguswe, si na amitrazi wala na pairethroidi ya ng'ombe.

Upungufu wa pili ni mbung'o. Mfugaji anayechungia pembezoni mwa Pori la Akiba Swagaswaga, au upande wa Manyoni kuelekea Muhesi na Kizigo, shida yake haiishii kwa kupe. Amitrazi haiui mbung'o, hivyo nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, itaingia ng'ombe wakiwa wameogeshwa vizuri kabisa. Huko pairethroidi ndiyo sahihi: ya kunyunyiza, au ile ya kumimina mgongoni, ambayo deltamethrini ya asilimia 1 kwa kawaida hupimwa mililita 10 kwa kila kilo 100 za uzito. Hii ya kumimina ni ghali kwa kichwa, lakini haihitaji maji, na mahali ambapo ndoo ya maji inafuatwa mbali hilo si jambo dogo. Kwenye malisho ya pamoja na nyati kuna la ziada: nyati hubeba vimelea vya ndigana bila kuugua, na kupe waliotoka kwake huwapa ng'ombe ugonjwa unaoua kwa kasi. Kuogesha peke yake hapo ni kinga nusu. Badilisha malisho, na umuulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ndigana kali akijua kwamba nyati wapo, kwa sababu dhidi ya vimelea vya nyati chanjo hiyo haina uhakika ule ule.

Ukiwa na shaka ya usugu, usikimbilie kubadilisha chupa. Ogesha kwa kipimo kamili na lita kamili, subiri siku 3, kisha kagua ng'ombe watano. Majike ya kupe wa bluu walioshiba bado wameshikilia? Wakusanye kumi au zaidi kwenye kopo lenye matundu madogo na uwapeleke kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania hapa Dodoma, au umpatie afisa mifugo wa kata awafikishe. Ikithibitika, hamia jamii nyingine ya dawa. Kubadilisha jina la chupa huku kiambato ni kile kile ni kulipia karatasi ya lebo. Na kuchanganya amitrazi na saipamethrini mwenyewe kwenye ndoo moja, kama wengine wanavyofanya, hakuna lebo inayokuruhusu. Oili chafu na dizeli tusizizungumzie, zinaunguza ngozi.

Kama josho la kijiji chenu linatumia amitrazi, uliza swali moja: chokaa inawekwa? Amitrazi ndani ya josho hudumu pale tu maji yanapokuwa na ualikali mkubwa, na kinyesi cha ng'ombe mamia huyageuza. Josho bila chokaa linaweza kuwa maji machafu yenye harufu ya dawa. Pia ng'ombe wa kwanza kupita warudishwe mwishoni, kwa sababu wao ndio waliokoroga, wakapita kabla dawa haijasambaa.

Usalama wa mwogeshaji unapuuzwa mno. Kimiminika hiki kina viyeyusho vinavyoshika moto, hivyo sigara na jiko viwe mbali. Vaa glavu za mpira, buti na mikono mirefu, simama upepo ukitokea mgongoni kwako. Amitrazi ikiingia mwilini huleta usingizi mzito, mapigo ya moyo hupungua, pumzi hulegea. Aliyeinywa asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa, ili daktari asome lebo.

Wakati wa kununua, angalia chupa iwe na foili haijachanika, namba ya usajili, na tarehe ya mwisho ambayo haijafutwa. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji na kuuzwa mnadani bila lebo iache, hata kama ni nusu bei. Huwezi kujua ni asilimia ngapi, na hesabu yote ya mililita 2 inakuwa bure. Nyumbani iwekwe kivulini, kifuniko kikiwa kimekazwa, na ile iliyofunguliwa itumike msimu huo huo. Chupa tupu isuuzwe mara tatu na maji ya suuzo yamiminwe kwenye bomba, kisha itobolewe na kufukiwa mbali na kisima. Isibaki nzima, maana chupa nzima hairudi shimoni: kesho yake utaikuta dukani ikiuzwa na mafuta ya alizeti ndani.