Stauti ya bomba: uzoefu wangu kwenye baa mbili, bia ile ile, ladha mbili tofauti kabisa

Mi ni mtu wa bia nyeusi, stauti, na siyo ya chupa, ni ile ya bomba inayomiminwa kaunta huku unaangalia. Nimeinywa miaka kumi na kitu sasa na muda mrefu nilikuwa naamini kama wengi wanavyoamini kwamba bia ni ile ile popote utakapokwenda, kiwanda kimoja, pipa la aina moja, eti tofauti iko kichwani kwa mnywaji. Siyo kweli jamani. Ndani ya wiki moja nimekunywa chapa ile ile kwenye baa mbili, painti moja, yaani glasi ya nusu lita na kidogo, nikaiacha nusu mezani nikaondoka, nyingine nilikuwa naikata kidogo kidogo isije ikaisha mapema.

Naanza na ile mbaya. Baa nzuri tu kwa macho, taa nzuri, viti vizuri, na mhudumu anajua mbwembwe zote, kainamisha glasi vizuri, kajaza kama robo tatu, kaiweka pembeni itulie, halafu kaja kumalizia juu. Nikasema leo nimefika. Ilipokuja mezani nikaona povu lina viputo vikubwa kama vya sabuni ya kufulia, na kwenye kuta za glasi kwa ndani kuna viputo vimeng'ang'ania havishuki havipandi. Dakika chache tu povu likatoboka katikati. Nikaonja, kwanza kuna uchachu kwa mbali, halafu ikabaki mdomoni ladha kama ya siagi iliyokaa nje siku mbili. Nikaenda kaunta kwa heshima tu nikamwambia dada, hii naona imeharibika, akanijibu kaka stauti ndo ilivyo, ni chungu.

Hapana. Hapo ndo watu wengi wanadanganywa na wanaamua stauti siyo bia yao. Uchungu na uchachu ni vitu viwili tofauti. Stauti inapata weusi wake na sehemu ya uchungu wake kwenye shayiri iliyokaangwa, inakaangwa kweli kweli mpaka inakaribia kuwa kama buni, ndo maana unasikia ule ukavu kama wa kahawa isiyo na sukari. Huo ni uchungu msafi, unakuja, unakausha ulimi, unaondoka. Ule uchachu na ile siagi vinatoka kwa bakteria wanaoishi ndani ya mpira unaoleta bia kutoka kwenye pipa mpaka bombani. Mpira usipooshwa kwa dawa yake mara kwa mara unajenga utando ndani, na kila painti inayopita pale inabeba hiyo takataka. Kwa hiyo kiwanda hakina kosa, pipa halina kosa, mwenye kosa ni aliyeacha kuosha mpira.

Baa ya pili nilipelekwa na rafiki, ndogo, kaunta ya mbao imechakaa, na anayehudumia ni mzee wa makamo. Nikamsalimia, nikamweleza yaliyonikuta kule, akacheka kidogo akasema subiri kijana wangu nikuonyeshe kitu, kwa kuwa watu walikuwa wachache akafungua ule mdomo wa bomba akanitolea kisahani kidogo cha chuma, hakizidi ukucha wa kidole gumba, kina matundu matano madogo sana. Akakishika kwenye taa nikaona mwanga unapita kwenye kila tundu. Akasema hapa ndipo bia inapobanwa, inapita kwa nguvu kwenye haya matundu na gesi inatoka kwa mpigo mmoja ikiwa viputo vidogo vidogo, tundu moja likiziba tu povu linaharibika. Anakitoa kila usiku akifunga, anakisugua, anakilaza kwenye maji. Mi miaka yote hiyo sikuwahi kujua kama kuna kitu kama hicho mle ndani.

Na gesi yenyewe ndo inayofanya stauti iwe stauti. Bia nyingi zinasukumwa kwa kabonidayoksaidi peke yake, hii inasukumwa kwa mchanganyiko, naitrojeni nyingi kama asilimia 70 au 75 na kabonidayoksaidi hiyo iliyobaki. Naitrojeni haipendi kuyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ikipata upenyo inatoka haraka na viputo vyake ni vidogo mno, ndo unapata povu zito kama maziwa ya mtindi na bia inayopita laini bila kukuchoma ulimi, maana ule mchomo wa bia za kawaida unatokana na kabonidayoksaidi ikiyeyuka kuwa asidi. Hii teknolojia siyo ya juzi, ilitoka Guinness, kiwanda cha stauti cha Ireland, mwaka 1959, na aliyeongoza kazi alikuwa mtaalamu wa hesabu anaitwa Michael Ash. Zamani kabla ya hapo wahudumu walikuwa wanajaza glasi kutoka mapipa mawili, moja bia changa yenye povu jingi na jingine bia iliyotulia, na ule mtindo wa kujaza mara mbili chanzo chake ni huko.

Sasa kuhusu kujaza mara mbili nisieleweke vibaya. Guinness wenyewe wanatangaza sekunde 119.5 za kumimina painti moja mpaka mwisho na watu wanakaa na saa mkononi kabisa. Mi naona ile kusubiri ina kazi, inampa mhudumu nafasi ya kuona povu limekaaje ndo amalizie juu bila kumwaga, na mdomo wa bomba usiguse bia wala glasi. Lakini kama mpira ni mchafu hata asubiri dakika kumi haitasaidia kitu. Kule baa ya kwanza alisubiri vizuri sana.

Mzee akaniletea painti yangu. Nikaiangalia ikitulia, na hapa naomba usiikimbilie yako, kaa nayo. Unaona viputo vinashuka chini kwenye kuta za glasi badala ya kupanda. Siyo macho yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Limerick kule Ireland walilieleza hili mwaka 2012, ni umbo la glasi, kwa kuwa inatanuka kwenda juu viputo vikipanda wima vinajitenga na ukuta, bia ya pale ukutani inabaki na viputo vichache inakuwa nzito, inashuka, inavivuta viputo vidogo pamoja nayo. Katikati vinapanda kama kawaida, ila hatuoni kwa sababu ya weusi. Na hata weusi wenyewe, nyanyua glasi uelekeze kwenye taa, pembeni chini utaona wekundu wa damu ya mzee.

Povu lilikuwa upana kama wa vidole viwili kasoro, limepanda juu kidogo ya mdomo wa glasi, halina kiputo hata kimoja kikubwa. Baridi yake ya kawaida, siyo ya kugandisha meno. Hili la baridi nalisisitiza, nyuzi 6 mpaka 8 inatosha kabisa, ikiwa baridi zaidi ya hapo ulimi unakufa ganzi na kale ka ukahawa hukasikii, na kuna baa wanafanya hivyo makusudi kuficha ladha mbaya, nimeshakutana nazo zaidi ya moja.

Glasi sasa. Mzee haoshi glasi za stauti pamoja na vyombo vya chakula, kabisa. Mafuta kidogo tu, lipstiki, mabaki ya sabuni, povu linakufa. Wala hafuti kwa kitambaa, anaziinamisha zinakauka zenyewe, na haimimini kwenye glasi iliyotoka kwenye maji ya moto saa hiyo hiyo. Vile viputo vilivyong'ang'ania kwenye glasi ya kule kwingine ndo alama yenyewe ya uchafu, vinajishika pale penye mafuta au vumbi. Glasi safi inakupa kitu kingine, kila ukipiga funda povu linaacha pete nyeupe kwenye glasi, ukimaliza unaweza kuhesabu ulikunywa mafunda mangapi. Yangu ilikuwa na pete saba, ya rafiki yangu tano maana yeye ana haraka.

Kitu ambacho sikukitegemea ni swali alilonirudishia, kule ulikokwenda wanakunywa stauti wangapi? Nikakumbuka nilikuwa peke yangu. Pipa la lita 50 linatoa painti kama 88 hivi, painti ikiwa mililita 568. Baa inayouza tano kwa siku pipa hilo hilo linakaa zaidi ya wiki mbili limefunguliwa, na kila usiku bia inalala kwenye mpira, kesho wa kwanza kuja ndo anapewa hiyo iliyolala. Kwa hiyo siku hizi nikiingia baa nisiyoijua naangalia kwanza meza za watu. Nikiona glasi nyeusi tatu nne na pete zinaonekana, naagiza. Nikiona ni mimi tu, naagiza kitu kingine, na kama ni mapema sana wamefungua sasa hivi namwacha mwenzangu atangulie.

Kwa wanaoogopa kwamba ni nzito, ni macho tu, Guinness ya bomba ina kilevi asilimia 4.2, bia nyingi za njano zinaizidi. Uzito unaousikia ni povu.

Ya kopo yenye kile kijipira ndani nayo nimeijaribu nyumbani, kijipira kinarusha naitrojeni ukifungua na povu linakuja zuri tu, mimina yote kwa mkupuo kwenye glasi safi. Naipa nyota tatu. Ya mzee nyota tano, na ile ya kwanza naipa moja ya viti. Niliporudi kwa mzee Jumamosi iliyofuata nilikuta kaunta imejaa nikasimama pembeni, kabla sijafungua mdomo akaweka glasi chini ya bomba akaiinamisha.