Linki au namba ya simu? Nachambua michango ya mtandaoni nikiwa Lamu

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaonitazama. Karibuni tena. Leo nimekaa hapa Langoni, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo mkisikia punda au mtu anapita akisalimia, ndio mji wetu huo.

Leo sichambui simu wala spika. Nachambua majukwaa ya kuchangisha pesa mtandaoni. Mmeniuliza sana, na najua kwa nini mnauliza. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp haipiti wiki bila picha ya mtu kalazwa, na chini yake maneno "tumsaidie ndugu yetu". Zamani kulikuwa na namba ya simu peke yake. Siku hizi wengine wanaweka linki. Swali lenu ni moja: nikifikwa na mtihani mimi, niweke linki au niweke namba?

Jibu langu nalitanguliza, halafu nitaeleza. Jukwaa halikuletei watu. Watakaokuchangia ni wale wale wanaokujua: jamaa, majirani, uliosoma nao, waliomjua marehemu babako. Jukwaa ni daftari lililofunguliwa mbele ya wote. Ukilitaka kwa kazi hiyo litakufaa sana. Lakini ukidhani kuna matajiri wa mbali wamekaa wanasubiri habari yako, utakaa na ukurasa wako mpaka uchoke.

Tuanze na namba ya simu, maana ndiyo tuliyoizoea. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na harambee zetu zikahamia humo bila mtu kuambiwa. Uzuri wake hauna mfano kwa mchango mdogo. Ukituma shilingi 100 au chini yake hukatwi kitu. Ukituma 1,000 unakatwa 13. Mama anayeuza mahamri asubuhi anaweza kutoa hamsini yake na ikafika hamsini kamili, dakika hiyo hiyo. Hakuna linki ya kufungua, hakuna kadi ya benki, na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, inatosha.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza ni kiasi. Laini ya mtu binafsi haibebi zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na huwezi kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Mgonjwa wa kuhamishwa kutoka hospitali ya King Fahd hapa kwenda Mombasa, labda na baadaye India, gharama yake inaweza kupita hapo kwa mbali. Laini ikijaa, anayetaka kutoa anaambiwa haiwezekani, na mtu aliyekataliwa mara moja si wote wanaojaribu tena.

La pili ndilo linaloniuma. Pesa iko kwenye simu ya mtu mmoja, na hesabu anaijua yeye. Hata awe mwaminifu vipi, watu wakiona amenunua kitu, maneno yanaanza barazani. Nimeona familia za hapa zikinuniana miaka kwa sababu ya mchango ambao, kwa ninavyoamini, haukuibwa hata senti. Hakuna aliyeiba, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha. Mgonjwa amepona, undugu umekufa. Hilo si jambo dogo, na ndilo linalonifanya nisiyapuuze majukwaa.

Sasa twende kwenye jukwaa la nyumbani. Linalojulikana zaidi Kenya ni M-Changa, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2010 likitumia ujumbe mfupi wa simu. Unafungua mchango, unaeleza sababu na lengo, watu wanachangia kwa M-Pesa, na walioko nje wana njia zao za kulipa. Kila kinachoingia kinahesabiwa na kiwango kinaonekana. Na hapa ndipo ninapolipatia alama zake: unaweza kuweka waweka hazina, ili pesa isitoke kwa uamuzi wa mtu mmoja. Ukiniuliza mimi, weka mmoja wa familia, mmoja wa msikitini, na mmoja asiyehusiana na nyinyi kabisa. Maneno ya barazani yatapungua sana.

Kasoro yake ni kwamba inakata asilimia ya kinachokusanywa. Angalia makato ya siku hiyo kabla hujaanza, na uyatangaze wazi kwa wachangiaji. Usingoje waone wenyewe kwamba lengo lilikuwa laki sita na hospitali imepata pungufu. Na zingatia jambo la muda. Pesa ya kwenye ukurasa si pesa ya mkononi. Majukwaa yanataka vitambulisho, yanahakiki, na hospitali nayo inataka amana leo. Kama mashua ya wagonjwa inakwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, usiku huu, linki haitakuokoa. Usiku huo ni wa kupigiana simu tu.

Haya, ya ng'ambo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

GoFundMe ilianza Marekani mwaka 2010 na ndiyo inayotajwa kila mahali. Mtu aliyeko Lamu na akaunti ya benki ya Kenya hawezi kufungua mchango akapokea pesa yeye mwenyewe. Kenya haimo katika orodha ya nchi wanazolipa. Kwa hivyo kinachofanyika ni kwamba binamu aliyeko London au Toronto anafungua kwa jina lake, pesa inaingia benki yake, kisha anaituma nyumbani. Ukurasa umejaa picha ya mgonjwa wa Lamu, lakini kisheria na kibenki pesa iko kwa binamu. Akiwa mtu wa kweli, alhamdulillahi. Akipata dhiki zake kule, au benki ikiizuia pesa ikimuuliza imetoka wapi, nyinyi huku mnabaki kusubiri.

Na makato hayako sawa kwa wote. Kule Marekani wanakata asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila mchango. Isikie hesabu yake. Mtu akitoa dola 100, inakatwa dola 3 na senti 20, nafuu. Mtu akitoa dola 10, inakatwa senti 59, karibu asilimia sita. Kwa hivyo mtoaji mdogo ndiye anayeliwa zaidi, kinyume kabisa cha M-Pesa, ambako mdogo ndiye anayesamehewa. Halafu pesa hiyo ikitumwa Kenya inakatwa tena, na kubadilishwa kuwa shilingi inapungua tena. Kuna pia sehemu ya bakshishi kwa jukwaa lenyewe, imeshawekwa tayari, na mtoaji asipoiangalia anaitoa bila kukusudia. Waambieni jamaa zenu: bakshishi ile ni hiari, inaweza kuwekwa sifuri.

Je, ng'ambo kuna usalama zaidi? Kwa kiasi. Mwaka 2017 kule New Jersey watu walichangia zaidi ya dola 400,000 kumsaidia mtu asiye na makao aliyesemekana kumpa mwanamke dola 20 za mwisho anunue petroli. Hadithi yote ilikuwa ya uongo. Waliotunga wakashtakiwa, na GoFundMe ikawarudishia wachangiaji pesa zao. Kwa hivyo pana mkono wa kukudaia haki, jambo ambalo namba ya simu ya mtu usiyemjua haina. Hapa kwetu kuna matapeli wanaochukua picha ya mgonjwa wa kweli, wanabadilisha namba chini, na wanaisambaza upya. Linki iliyotoka mkononi mwa familia yenyewe ni ngumu zaidi kuibiwa namna hiyo, na kwa sababu hii peke yake mimi ningeitumia.

Kuna LaunchGood pia, ilianzishwa Detroit mwaka 2013 na inawalenga Waislamu, na Ramadhani ndio msimu wake. Nayo inategemea uwe na mtu mwenye jina na mtandao wake.

Wachongaji wa milango na mafundi wa mashua wa Matondoni wameniuliza kuhusu Kickstarter. Hiyo si ya msaada, ni ya kazi ambayo bado hujaitengeneza: mtu anatoa, na wewe unamtumia ulichomuahidi. Usipofikia lengo hupati hata senti. Ukifikia wanachukua asilimia 5, na makato ya malipo juu yake. Wakenya wamewahi kufanikiwa humo. BRCK, kile kifaa cha intaneti kilichobuniwa Nairobi, kilipata zaidi ya dola 170,000 mwaka 2013. Lakini waliokibuni walikuwa na watu Marekani. Kwa fundi wa hapa asiye na mshirika nje, mlango umefungwa, na hata ukifunguka, kutuma sanduku la mbao kutoka kisiwani mpaka kwa mnunuzi Ulaya kunaweza kula faida yote. Siwashauri.

Kiva nayo, ya San Francisco tangu 2005, ni mkopo, si mchango. Mtu anakopesha hata kiasi kidogo na yeye hapati riba. Wengi mnaishia hapo mkafurahi. Endeleeni kusoma: pesa inakufikia kupitia taasisi ya mikopo ya hapa nchini, na taasisi hiyo mara nyingi ndiyo inayotoza riba. Kwa anayejihadhari na riba, muulize yule wa katikati kabla hujatia sahihi.

Nimebakisha jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko makato yote. Stara.

Majukwaa haya yanataka hadithi. Yanakwambia weka picha, weka video, eleza kwa kina, kwa sababu huruma ndiyo inayofungua mifuko. Nasi tunaweka mtoto na mirija yake, mama wa watu kitandani bila mtandio, ugonjwa wa mwanamke umeandikwa kwa jina lake. Sisi ni mji wa kusitiriana. Mtu akiumwa nyumba ya pili, unapeleka uji na hutangazi. Mtoto yule atapona inshallah, atakua, ataomba kazi, ataposa, na picha ile itakuwa bado ipo, maana ukiifuta wewe, watu mia wameshaihifadhi. Hata sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Wekeni picha ya mgonjwa akiwa mzima, amevaa vizuri. Barua ya daktari na makadirio ya hospitali wapeni wasome imamu wa msikiti, mzee wa mtaa, na waweka hazina, kisha andikeni kwenye ukurasa kwamba karatasi zimeonwa na watu hao. Anayetaka uhakika atawapigia. Anayetaka kuona kidonda hana haja nacho. Na pesa ikiwezekana ilipwe moja kwa moja akaunti ya hospitali, isipite mikononi mwa familia kabisa.

Kwa upande wa mtoaji, majukwaa mengi yanakuruhusu kuficha jina. Itumieni nafasi hiyo. Sadaka ya siri ina daraja yake, na yule aliyetoa shilingi hamsini hatajiona duni mbele ya aliyetoa elfu hamsini.

Basi uamuzi wangu. Dharura ya usiku: namba ya simu, na kesho yake andikeni hesabu. Matibabu ya muda mrefu, yanayopita laki tano: jukwaa la hapa nyumbani, lenye waweka hazina watatu. Mna jamaa wengi nje: mmoja wao afungue huko kwao, na kabla hajafungua muandikiane kwa karatasi pesa itatumwa lini, kwa njia gani, na kwa nani. Biashara na kazi za mikono: bado.

Na siku ya kufungua mchango, andikeni mstari mmoja ambao karibu wote wanausahau: kikibaki, kinakwenda wapi. Mgonjwa anaweza kupona kabla pesa haijaisha. Anaweza pia kutangulia mbele ya haki kabla haijatumika, na wakati huo hakuna mwenye moyo wa kulizungumza, pesa imekaa tu na kila mtu ana dhana yake. Ukijua ukurasa ulio wazi mpaka leo na mwenyewe ameshazikwa, mpigie aliyeufungua. Mwambie aufunge, na atangaze kilichobaki.