Vidole vya hewa au vya fuwele oevu kwa minofu ya sangara?
Minofu ya sangara katika viwanda vya Mwanza huteleza na kuchanika upesi, hivyo mkono wa mashine unaoishika hauna budi kuwa laini. Vidole vya mpira vinavyojazwa hewa vina nguvu na wepesi, ila hudai kompresa, vali na mabomba. Elastoma ya fuwele oevu, yaani mpira ambao molekuli zake zimejipanga kuelekea upande mmoja, na ambayo mwanafizikia Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes aliibashiri mwaka 1975, haihitaji hayo: utepe wake ukipashwa moto, molekuli hizo hupoteza mpangilio, nao hufupika hata kwa asilimia 40, kisha hurefuka tena ukipoa. Lakini kupoa huchukua muda, na joto halifai karibu na samaki anayehifadhiwa kwa barafu. Kwa minofu nachagua hewa. Kwa kifaa kidogo kisichoweza kubeba kompresa, fuwele oevu.