Queen Sono: tamu, ila usiniulize mwendelezo

Nina saluni Sinza, na runinga yangu ipo ukutani mkabala na viti vya kusukia. Anayesuka rasta ndogo ananikalia kutwa nzima, kwa hiyo mimi tamthilia naipima kwa msuko. Twende kilioni inakula sehemu moja, ukizidi sana mbili. Rasta ndogo inakula msimu mzima, kama msimu wenyewe ni mfupi. Queen Sono ina sehemu 6, saizi kabisa ya rasta ndogo. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo nyota ya tano sikuwanyima waigizaji.

Kwa asiyeijua: ilitoka Netflix tarehe 28 Februari 2020, tamthilia ya kwanza ambayo Netflix waliitengenezesha wenyewe Afrika. Mwandishi na mwongozaji mkuu ni Kagiso Lediga, na stelingi ni Pearl Thusi. Queen ni jasusi wa Afrika Kusini. Mama yake, Safiya Sono, alikuwa mpigania uhuru mwenye jina kubwa na aliuawa Queen akiwa bado mtoto. Miaka imepita, nchi inamuenzi Safiya kama shujaa, na huyu binti bado hajui kwa uhakika nani alimfanyia hivyo mama yake. Nyumbani kuna bibi, Mazet, anayechezwa na mwimbaji mkongwe Abigail Kubeka. Bibi huyo akifungua mdomo, wateja wangu wanaacha simu. Hakuna asiyekuwa na bibi wa namna ile, anayekusema huku anakupakulia.

Upande wa maadui kuna Mrusi, Ekaterina Gromova, mwenye kampuni ya askari wa kukodi inayotafuta zabuni za ulinzi kwenye serikali za Afrika. Na kuna Shandu (Vuyo Dabula), zamani alikuwa jasusi mwenzake Queen, sasa anaongoza kundi la waasi linaloitwa Watu Wema. Hapa ndipo tamthilia iliponikamata. Shandu akianza kueleza viongozi wanavyouza bara hili, saluni nzima inaitikia, halafu dakika mbili mbele unaona anachofanya na unanyamaza. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo anayeuza vitenge Kariakoo, alishika kichwa chake kilichosukwa nusu akaniambia, "Dada, huyu mimi simuelewi, nimpende au nimchukie?" Jibu sina mpaka leo, maana jibu lilikuwa kwenye msimu wa pili.

Mapigano ndiyo sijayapenda sana, kamera inakatakata mno mpaka hujui nani kapigwa. Na kuna sehemu katikati hapo inapwaya. Basi, mengine mazuri.

Sasa kilio chenyewe. Aprili 2020 Netflix walitangaza hadharani kwamba msimu wa pili unakuja. Novemba mwaka huohuo wakafuta. Sababu iliyotolewa ni korona: hadithi ilikuwa imeandikwa izunguke bara zima, na kwa hali ile isingeweza kurekodiwa. Sibishi. Msimu wa kwanza ulirekodiwa maeneo 37, Johannesburg na Soweto, Lagos, Kenya, mpaka Zanzibar kwetu. Mipaka imefungwa, ndege haziruki, wasanii na mafundi utawapitisha wapi? Kile kilichotufanya tuipende, kwamba inazunguka kwetu na inaongea lugha zetu, ndicho kilichoifanya iwe ghali na ngumu kuliko zote. Ninachobishia ni kufuta. Korona iliisha. Kazi nyingi zilisimama mwaka ule na zikarudi baadaye. Hii mbona haikusubiriwa?

Nadhani ni hesabu. Mwaka 2019 Netflix waliwaeleza wabunge wa Uingereza namna wanavyohesabu watu: kuna anayeanza, yaani ametazama dakika 2, kuna mtazamaji, amefika asilimia 70 ya sehemu moja, na kuna aliyemaliza, amefika asilimia 90 ya msimu mzima. Wanaangalia siku 7 za kwanza, halafu siku 28. Sasa nipigie hesabu ya saluni yangu. Wasusi watatu, mteja kwenye kiti, wawili wanasubiri zamu, na yule jirani wa duka la dawa anayekuja "kuchungulia mara moja" akakaa saa nzima. Wote hao kwenye kompyuta za wenzetu ni akaunti moja. Tena mteja akimaliza kusukwa kabla ya mwisho, nazima, basi tamthilia imeonekana haikumalizwa. Mtaani kwetu watu ndivyo wanavyotazama, kwa kukusanyika, na hesabu ile haituoni.

Na wakishatufanyia hivi mara mbili tatu, watu wanajifunza. Wateja wangu wa siku hizi kabla sijabonyeza wanauliza, "Imeisha hiyo? Kama haijaisha usituwekee." Wanasubiri itimie ndipo waanze. Siku 28 zinapita bila wao, hesabu inashuka, inafutwa, nao wanasema si tulijua. Walioishiwa imani ndio wanaohesabiwa kuwa hawakupenda. Wazungu nao yamewakuta: tamthilia ya Netflix iitwayo 1899, kazi ya Wajerumani waliotengeneza tamthilia ya Dark, ilitoka Novemba 2022 ikafutwa Januari 2023, na wenyewe walishapanga misimu mitatu.

Mimi nimekulia kwenye Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyokuwa ikioneshwa ITV. Ile nayo ilikatwa, tena mwaka huohuo wa 2020, lakini ilikuwa imeanza 1998. Watu walishazeeka nayo. Hata tamthilia za Kimeksiko, uziseme utakavyo kwa machozi yake, mwisho upo: harusi inafungwa, adui anapata lake, mtu analala. Mtu akiniambia atanifanyia sehemu 6 tu na hadithi iishie humo, nitakubali kwa mikono miwili. Ila ukitangaza Aprili kwamba inakuja, Novemba hata sehemu moja ya saa moja na nusu ya kutufungia mambo hukuipata?

Kwa anayeuliza kama aitazame: itazame, kwa ajili ya bibi Mazet na Shandu peke yao inalipa. Ujue tu sehemu ya 6 inafungua mlango mkubwa kuhusu kifo cha Safiya na hakuna atakayekuja kuufunga. Asiyeweza kuvumilia hilo, aende kwenye Blood & Water, msichana wa Cape Town anayemshuku mwanafunzi mwenzake kuwa ni dada yake aliyeibwa akiwa mchanga. Nayo ilianza 2020, Mei, ila yenyewe imejikalia mji mmoja, shule moja, na imefika misimu minne.