Kijitabu cha Jaji Rose Heilbron: nilichokipata steshenari, Tabora

Karibu na stesheni ya reli hapa Tabora, chini ya mwembe ambao kivuli chake hufika hadi barabarani, ipo steshenari ndogo ambayo wengi wetu huiendea kutoa kopi za vyeti na kuchapisha barua za maombi ya kazi. Nyuma ya mashine ya kopi kuna rafu ya vijitabu ambavyo mwenye duka, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, amevitunga mwenyewe kwa Kiswahili kuhusu mawakili na majaji wa nchi mbalimbali. Nilinunua cha Rose Heilbron kwa shilingi 3,000. Mimi ni msaidizi wa kisheria na kazi yangu kubwa ni kuwasindikiza wanawake mahakamani, kwa hiyo nilikisoma nikitafuta kitu cha kunisaidia kazini.

Heilbron alizaliwa Liverpool mwaka 1914 katika familia ya Kiyahudi iliyoendesha nyumba ya wageni. Alipata shahada ya sheria ya daraja la kwanza mwaka 1935 na akapokelewa uwakili mwaka 1939. Mzee anaipita miaka hiyo kwa kurasa chache tu, kisha anatua mwaka 1949, ambapo Heilbron na Helena Normanton walikuwa wanawake wa kwanza wa England kupewa cheo cha King's Counsel, yaani wakili mwandamizi wa Mfalme. Heilbron alikuwa na umri wa miaka 34 na nyumbani alikuwa na mtoto mchanga.

Sehemu iliyonishika kuliko zote ni kesi ya George Kelly, aliyeshtakiwa kwa mauaji yaliyotokea katika jumba la sinema la Cameo, Liverpool. Inasimuliwa kwamba Kelly hakufurahi alipoambiwa kuwa wakili wake ni mwanamke, lakini Heilbron alisimama kumtetea, akiwa mwanamke wa kwanza Uingereza kuongoza utetezi katika kesi ya mauaji. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama, yaani raia ambao huko England ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia, lilishindwa kukubaliana. Kesi ikasikilizwa upya, Kelly akatiwa hatiani na kunyongwa Machi 1950. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ile, na Heilbron, aliyefariki mwaka 2005, alikuwa bado hai. Namsifu mzee kwa kuipa kesi hii nafasi kubwa kuliko ushindi wowote wa mwanasheria huyu, kwa kuwa anaonyesha hatua kwa hatua jinsi utetezi mzuri unavyoweza kushindwa pale ushahidi wa upande wa mashtaka unapotegemea maneno ya watu wenye sababu zao za kusema. Niliusoma ukurasa huo mara tatu, na kingo zake sasa zimechakaa.

Mwaka 1956 alikuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa Recorder, jaji wa muda, katika mji wa Burnley, na Januari 1972 akawa mwanamke wa kwanza kuketi kama jaji katika Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London. Hapa kijitabu kina kosa: jalada linamwita jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu ya England. Elizabeth Lane alimtangulia mwaka 1965, na Heilbron akateuliwa mwaka 1974, akiwa wa pili. Nilirudi dukani kumweleza, na mzee hakubishana. Alichapa masahihisho, akayakata kwa mkasi na kuyabandika kwa gundi juu ya kila jalada lililokuwa rafuni, nami nikiwa nimesimama pale pale.

Sura ya kamati ya mwaka 1975 ndiyo ninayowasomea wanawake ninaowasindikiza. Heilbron aliongoza kamati iliyochunguza sheria ya ubakaji, nayo ikapendekeza kwamba jina la mlalamikaji lisitangazwe na kwamba asiulizwe ovyo kuhusu mahusiano yake ya zamani. Sheria ya mwaka 1976 ikayachukua mapendekezo hayo. Mzee anaiweka kando ya sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo chini yake ushahidi wa kesi hizi husikilizwa kwa faragha na haupaswi kutangazwa magazetini. Mwanamke anayeogopa kupanda kizimbani kesho asubuhi anahitaji kujua kwamba faragha hiyo ni haki yake kisheria, wala si hisani ya hakimu, na sijaona maandishi mengine ya Kiswahili yanayolieleza jambo hilo kwa lugha nyepesi namna hii.

Uchapaji una kasoro zake. Picha ya Heilbron akiwa na wigi la mawakili imefifia hadi uso hauonekani vizuri, na spairo ya nakala yangu ilianza kuchomoka wiki ya pili, ingawa mzee aliifunga upya bila malipo. Asiye na shilingi 3,000 anaweza kuazima kwa shilingi 500 kwa wiki. Jina lake huandikwa katika daftari la kaunta, na hakuna dhamana inayodaiwa.

Kijitabu kinachofuata kitamhusu Julie Manning, jaji wa kwanza mwanamke wa Tanzania. Nimekwisha kulipia nakala mbili.