Leza ya presha ya macho hapa Tanga: kazi safi, ila maumivu ya usiku hamkutuambia

Nilimpeleka bimkubwa kupigwa leza kwenye kliniki moja ya macho hapa mjini, ana presha ya macho, ile glakoma, matone peke yake yalishagoma kuishusha.

Leza yenyewe siwadai kitu. Aliyofanyiwa ni ile ya kuchoma sehemu inayotengeneza maji ya jicho, wakamchoma ganzi pembeni ya jicho, dakika chache wamemaliza, wakampima presha tena kabla hatujatoka, tukapanda bajaji mpaka Makorora mama anapiga stori na dereva kama katoka harusini. Tumeambiwa tu "haiumi, mrudi wiki ijayo".

Sasa ganzi si inaisha jamani! Baada ya magharibi jicho likaanza kupwita, kichwa upande mmoja chote kinagonga, mama kakaa kitandani kafunika jicho na upindo wa kanga, chai hajaigusa, anasema tu "mwanangu, mwanangu". Mi nikajua jicho limeharibika. Nikashika diklofenaki, dawa ya maumivu iliyokuwepo ndani, bahati nikakumbuka ana vidonda vya tumbo nikairudisha. Nikapiga namba ya kwenye kadi, saa tatu usiku nesi akapokea, na hapo nampa maua yake yote.

Akaniuliza, anatapika? Anaona miduara ya rangi kwenye taa? Kuona kumepungua ghafla? Nikamwambia hapana. Akasema ingekuwa ndiyo basi usisubiri asubuhi, mkimbize hata hospitali ya Bombo usiku huu huu, maana presha inaweza kupanda baada ya leza. Mpe panadol mbili sasa hivi, arudie kila baada ya masaa sita, zisizidi nane kwa siku. Halafu akaniuliza ile dawa nyeupe ya matone ya kutuliza uvimbe umeitikisa? Sikuitikisa, kumbe dawa inakaa chini ya chupa, tone la jioni nilimwekea maji tu. Nitikise, nisubiri dakika tano ndo niweke tone lingine, na timolol, yale matone yake ya presha ya siku zote, asiache.

Saa tano mama kalala.

Simu nzima haikufika dakika kumi, ndo maana naumia, hayo maneno yangesemwa mchana pale dirishani asingeteseka vile. Na mfafanue kuwa leza si moja, jirani yetu alipigwa ile ya kufungua njia ya maji kesho yake yuko sokoni Mgandini, sisi tukajua na mama itakuwa hivyo hivyo, yeye ilimchukua siku nne ndo maumivu yakakata kabisa.

Presha ilikuwa 34, tuliporudi ikasoma 19. Nyota tatu kwa tano, mbili nimezibakiza kwa ule usiku. Jicho la pili ni mwezi ujao, na safari hii panadol anameza kabla ganzi haijaisha, nesi mwenyewe ndo kasema.